Buni Sita za Byabato

Goti la kulia la Byabato lilikuwa halikunjiki. Ukimwona kwa mbali anakuja, ungedhani ni mtu anayepima shamba kwa hatua: mguu mmoja unakwenda sawasawa, wa pili unazungushwa kwa nje kama anaruka kitu ambacho wengine hawakioni. Jiwe ndilo lililomfanya hivyo, mwaka wa arobaini na saba, kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa. Alilala miezi mitatu. Alipoinuka hawakumrudisha shimoni, walimpa kazi ya kusimamia watu wanaoosha changarawe mtoni, na yeye hakulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe, Deodatha, alikuwa akisema kwamba Baba Anatolia anayatumia maneno kama chumvi ya dukani, anaogopa yatamwishia.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomuuma. Kabla ya jiwe lile, Byabato alikuwa mrushaji wa timu ya kriketi ya machimbo.

Mchezo huo uliletwa pale na Mhindi mmoja mtunza stoo, jina lake Nathubhai. Wahindi wenzake pale machimboni walikuwa wawili, na timu inataka watu kumi na mmoja, kwa hiyo akaanza kuwafundisha wachimbaji jioni, baada ya kazi. Kwanza walimcheka. Mtu mzima anasimama mbele ya vijiti vitatu na gongo bapa mkononi, analinda vijiti kama analinda kuku. Mwingine anakuja mbio, anamrushia mpira wa ngozi ili aviangushe. Mwenye gongo akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanakimbizana kubadilishana nafasi, na kila wakifika salama, kabla vijiti havijaangushwa kwa mpira, wamepata mbio moja. Ikirushwa mipira sita, hiyo ni ova moja, na urushaji unahamia upande mwingine. Basi. Baada ya miezi miwili waliokuwa wanacheka ndio waliokuwa wanagombania gongo. Nathubhai alipohamishiwa Bukoba aliwaachia vifaa vyote, na wao wakaendelea.

Byabato alikuwa anarusha kwa namna yake. Hakuwa na kasi kubwa, lakini mpira wake ukigusa chini ulikuwa unageuka. Halafu goti likaisha, na yeye akabaki kukaa kwenye majani pembeni, akitazama. Alitazama miaka miwili.

Kilichomrudisha uwanjani ni ugomvi.

Huko Ndama, upande wa Karagwe, kulikuwa na timu nyingine: makarani na wafanyabiashara waliotoka Bukoba na Muleba, pamoja na vijana wa pale wenye mashamba ya migomba na kahawa. Kapteni wao aliitwa Egbert, karani wa baraza, Mlutheri wa Muleba, mtu anayechana nywele zake kwa mstari ulionyooka hata siku ya kupalilia. Hao Ndama walikuja Kyerwa kucheza, na siku hiyo mwamuzi alikuwa mtu wa machimbo aliyehesabu mipira kwa vidole vyake. Nzi akamsumbua, naye akampiga kwa mkono uleule wa kuhesabia, hesabu ikapotea. Ova ile ikawa na mipira saba, na ule wa saba ndio uliong'oa vijiti vya Egbert.

Maneno yakawa mengi. Mwisho wake wageni walipanda lori lao bila kugusa chakula. Ndizi zilikuwa zimeshatolewa sufuriani, maharage yamekolea samli, na wenyewe wanaondoka! Deodatha alikuwa mmoja wa waliopika. Alisimama na mwiko mkononi mpaka lori likapotea, akasema, "Afadhali wangetutukana."

Mwaka mzima ukapita bila mechi. Ndipo barua ikafika, na Placidius, seremala wa machimbo aliyekuwa kapteni wa timu, akaisoma kwa sauti mbele ya wote kama anasoma waraka wa mahari:

"Tunawakaribisha Jumatatu ya Pasaka. Mechi iwe ya kirafiki, ova kumi na tano kila upande. Mwamuzi awe Byabato, yule mwenye goti, peke yake. Safari hii tusipoelewana, basi kila mtu akae kwake."

"Kwa nini Byabato?" akauliza Pastory, kijana wa Igurwa ambaye sasa ndiye mrushaji.

"Wewe ulikuwa bado unachunga mbuzi," Placidius akamjibu. "Mwaka ule, kabla ya jiwe, hukohuko Ndama, alidaka mpira wa Egbert. Mwamuzi akasema Egbert ametoka. Byabato akasema hapana, umegusa chini kwanza. Egbert akabaki, akatupiga mbio thelathini. Tulishindwa! Mimi sikumsemesha Byabato wiki nzima."

"Siku tisa," akasema Byabato.

Hilo ndilo neno pekee alilosema jioni ile. Lakini alipofika nyumbani Deodatha alimwona uani, anatembea hatua ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi, urefu wa kutoka vijiti vya huku hadi vya kule, pale pale kati ya migomba, anajizoesha kusimama. Akaelewa. Mwamuzi anasimama uwanjani, katikati kabisa, nyuma ya vijiti. Kwa mtu mwenye goti kama lile hakukuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Na mlango wenyewe ulikuwa na sharti: akikosea mara moja tu, Ndama hawatakuja tena, wala machimbo hayatakwenda, na yeye atarudi kukaa kwenye majani.

Ikabaki shida ya kuhesabu. Nathubhai alikuwa na mawe sita meusi ya bati katika mfuko wake wa kulia, kila mpira ukirushwa anahamisha jiwe moja kwenda mfuko wa kushoto. Kulia kukiwa tupu, ova imekwisha. Lakini mfanyakazi akikutwa getini na jiwe jeusi mfukoni, kazi hana. Byabato akajaribu kokoto za mtoni. Zikatoboa mfuko, mbili zikamtelemkia mpaka kiatuni.

"Chukua buni," Deodatha akasema. Alikuwa na kikapu cha buni za kutafuna, zile za kuchemshwa na majani na kukaushwa, ambazo mgeni akiingia anapewa kabla hata hajaulizwa habari za alikotoka. Akahesabu sita, akachagua zenye ukubwa mmoja. Akashona mfuko upya kwa uzi wa mara mbili. "Nyepesi, hazitoboi. Ila Baba Anatolia, sikiliza."

"Nasikiliza."

"Usije ukazitafuna."

Byabato akamtazama kama mtu aliyetukanwa kidogo.

*

Jumatatu ya Pasaka bwana mkubwa wa machimbo aliwaazima lori, kwa sharti liwe limerudi kabla ya giza kwa sababu taa zake zilikuwa zimekufa. Waliondoka alfajiri, ukungu umejaa mabondeni. Barabara ilikuwa tope la masika. Mara mbili walishuka kusukuma, na mara zote mbili Pastory alikuwa na maumivu ya mgongo yaliyompata ghafla.

"Mrushaji hachoshwi kabla ya mechi," akajitetea.

"Mrushaji gani?" akasema Placidius, tope mpaka mashavuni. "Byabato alikuwa anasukuma lori, anarusha, halafu anarudi kusukuma."

"Mzee, ni kweli?"

Byabato alikuwa amekaa mbele kwa dereva, kwa ajili ya goti. Akatoa kichwa dirishani. "Lori halikuwepo. Tulikuja kwa miguu."

Wakacheka mpaka Pastory naye akashuka kusukuma.

Ndama waliwapokea vizuri, vizuri kupita kiasi, kama watu walioambiana tangu jana yake kwamba leo hakuna kununa. Egbert alishika mkono wa kila mmoja. Uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe yaliyofyekwa, migomba imeyazunguka pande tatu, na katikati pale pa kurushia wanawake walikuwa wamepasiriba kwa udongo na samadi, wakapalainisha kama sakafu ya nyumba ya bibi harusi. Mistari ya mwisho wa kila upande ilichorwa kwa jivu.

Mwenye kazi hiyo alikuwa amekaa palepale ukingoni, kwenye mkeka wake, anaichunga. Ni bibi mmoja mkongwe, Kokushubira, mama mkwe wa Egbert. Kriketi alikuwa haijui na hataki kuijua. Alichojua ni kwamba amepiga magoti siku mbili kulainisha pale, na sasa wanaume ishirini na wawili wamekuja kupakanyaga.

"Shikamoo, mae," akasema Byabato.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa goti?"

"Ndiye mimi."

"Waambie wenzako wasinikwaruzie."

Akawapa wageni buni kutoka kikapu kidogo, kila mtu moja, mbili. Byabato akapokea kwa mikono miwili, akatafuna. Zilikuwa nzuri, zenye uchungu wa mbali na harufu ya moshi. Akamshukuru. Halafu, alipogeuka kwenda uwanjani, akatia mkono mfukoni kuhakikisha. Sita zipo.

Machimbo walipiga kwanza. Placidius alipata mbio ishirini na moja kabla hajadakwa karibu na migomba, na wote kwa pamoja wakapata hamsini na nane. Halafu wakabadilishana. Byabato hakukaa. Ova baada ya ova, alihamisha buni kutoka kulia kwenda kushoto, moja moja, na ova ikiisha alizimwaga zote tena kulia huku akichechemea kwenda upande wa pili. Jua lilikuwa limetoka, mgongo ulimwuma, goti lilimwuma, na ukimtazama usoni ungesema ni mtu aliyealikwa karamu. Mara nne walimwuliza uamuzi. Mara mbili aliwapa Ndama, mara mbili machimbo. Hakuna aliyenung'unika. Egbert alipoambiwa kwamba mbio yake moja haihesabiwi, hakufika mwisho, alisema tu, "Ndiyo, waitu," neno la Kihaya la kumheshimu mkubwa, akaendelea.

Ova ya kumi na nne ilipokuwa inakwisha, Ndama walikuwa na hamsini na moja. Mpira wa mwisho wa ova hiyo Egbert aliupiga juu, juu kabisa, ukapotea kwenye mwanga, watu wote vinywa wazi. Pastory alikuwa chini yake. Alinyoosha mikono, akarudi nyuma hatua moja, akarudi tena, mpira ukamgonga kiganjani na ukaanguka, wapigaji wakapata mbio moja: hamsini na mbili.

"Eeeh!" Malisho yote yalilia.

"Hiyo mikono au majani ya mgomba?" akaropoka Placidius.

Byabato aliutazama mpira pale chini. Kijana aliyemfundisha mwenyewe kurusha ameangusha mpira ambao yeye angeudaka amefumba macho. Akaanza kuchechemea kwenda upande wa pili kwa ajili ya ova ya mwisho, anamwaga buni kulia, anafikiri, mkono unapanda usoni, unashuka.

Ova ya kumi na tano. Mpira wa kwanza, mbio moja. Wa pili, Yustus fundi cherehani, mtu mnene, akaupiga, wakapata mbili. Wa tatu, moja. Wa nne, hakuna. Wa tano, Egbert akaupiga chini, wakakimbia mara moja, na Yustus akabaki upande wa mpigaji, Egbert upande wa mrushaji. Hamsini na saba. Yustus akasimama tayari, anahema, anasubiri. Byabato akatia mkono mfuko wa kulia. Tupu.

"Ova!" akatangaza. "Mchezo umekwisha."

Machimbo wakaruka juu. Egbert alisimama hapohapo karibu naye, gongo begani, uso umekunjamana kama mtu anayejumlisha kitu kichwani.

"Nilidhani umebaki mmoja," akasema polepole.

Byabato akamtazama.

"Aa, nimechanganya," akasema Egbert. "Kama umesema wewe, basi." Akampa mkono. Mkono wa kweli, wala hakuulegeza.

*

Walikula chini ya kivuli cha nyumba ya Egbert. Majani ya migomba yalitandazwa, ndizi zikamwagwa juu yake zinafuka moshi, maharage, na mboga chungu za pembeni. Rubisi, pombe ya ndizi, ililetwa katika vibuyu. Safari hii kila mtu alikula, wenyeji na wageni jani moja, na Placidius akasimulia mbio zake ishirini na moja, moja baada ya nyingine, mpaka Xaveria, mke wa Egbert, akamwambia apumzike ajaze kinywa.

Byabato alikuwa anakula akiwa ametulia. Imekwenda vizuri. Hakuna ugomvi, hakuna sahani iliyorudishwa. Akasukuma ulimi kwenye meno ya nyuma kuondoa kitu kilichokwama, akakitoa kwa kidole. Kipande cha ganda. Ganda la buni.

Akakitazama. Buni za Bibi Kokushubira alizitafuna asubuhi, na tangu hapo amekunywa maji mara tatu, amesukutua. Hiki kilikuwa bado kina uchungu wake.

Akatia mkono mfuko wa kushoto, polepole, akazihesabu kwa vidole bila kuzitoa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akatafuta kulia. Hakuna. Akapapasa mshono wa Deodatha, uzi wa mara mbili, mzima kabisa. Akazihesabu tena. Tano.

Ndipo akajiona mwenyewe, pale kati ya ova ya kumi na nne na ya kumi na tano, Pastory ameangusha mpira, mkono unapanda usoni.

Ova ya mwisho ilikuwa na mipira mitano. Ndama wamenyimwa mpira, na walibakiza mbio mbili kushinda. Na Egbert alijua! Alijua, akameza, kwa sababu aliyesema ni Byabato.

Akatazama lile jani walilokuwa wanakulia. Hakuna mtu aliyeona. Angeweza kutafuna na hizo tano zilizobaki, na neno hili lisingefika popote. Akisema, atakuwa ameharibu mwenyewe: watasema mwamuzi wa mwaka jana alikuwa na nzi, wa mwaka huu ana njaa. Hawatamwita tena. Atarudi pembeni, kwenye majani. Alikaa hivyo muda wa kumega ndizi mara tatu bila kuipeleka kinywani. Kisha akamwona Egbert anamchagulia ndizi iliyo laini, anaisogeza upande wake.

"Egbert," akasema.

"Naam, waitu."

"Ulihesabu sawa. Ulibaki mmoja."

Watu waliokuwa karibu wakaacha kumega, kisha wa mbali nao wakaacha kwa kuona wa karibu wameacha. Byabato akatoa buni tano, akaziweka juu ya jani.

"Nahesabia hizi. Zilikuwa sita. Moja nimeitafuna kabla ya ova ya mwisho. Sikujua. Nimejua sasa hivi." Akazisogeza kwa Egbert, akaongeza, "Ndiyo hivyo."

"Umetafuna hesabu?" Placidius akasema, sauti imepanda. "Mzee! Tumeshinda, tunakula, lori liko pale, na wewe unatoa..."

"Tumeshinda kwa mipira mitano."

Hapo kwenye mkeka wake Bibi Kokushubira akapiga makofi. "Nilimwona! Nilimwona kwa macho yangu! Nikasema moyoni, huyu mgeni ni mtu gani? Nimempa buni zangu, halafu anakwenda kusimama katikati ya watu anatoa za kwake mfukoni, anatafuna peke yake, hata hamkaribishi jirani. Nikasema labda zangu hazikuiva."

"Zimeiva, mae," akasema Byabato. "Nisamehe."

Na kwa namna alivyosema, kwa unyenyekevu ule, kama kosa kubwa la siku ile lilikuwa kumnyima bibi, Egbert akaanza kucheka. Alicheka kwa kujizuia kwanza, halafu akashindwa. Yustus akadaka, Xaveria akadaka, mwishowe hata Pastory, aliyekuwa amejiinamia tangu aangushe mpira, akainua kichwa.

"Haya," akasema Egbert, anafuta macho. "Mpira mmoja umebaki. Tuurushe."

"Sasa?" akasema Placidius. "Nimekula ndizi nane!"

"Yustus amekula kumi na mbili. Mko sawa."

Byabato akainuka kwa shida. "Tafuteni mwamuzi mwingine."

"Nani?" Egbert akamwuliza. "Tazama hawa. Wote wamekunywa. Na wote wana upande. Wewe ndiye uliyejishtaki mwenyewe, sisi tutamtoa wapi mwingine?" Akaokota buni moja kati ya zile tano, akamtilia mfuko wa kulia. "Hii hapa. Moja. Usiile."

Vijiti vilikuwa vimeshang'olewa, kimoja kilikuwa kinazuia chungu kisibiringike. Vikarudishwa. Watu wakajipanga, wazito, mikono bado ina maharage. Pastory akashika mpira. Yustus akasimama mbele ya vijiti, Egbert upande wa huku karibu na Byabato. Bibi Kokushubira akahamisha mkeka wake karibu zaidi.

Pastory akaja mbio, akarusha. Mpira ukagusa chini, ukageuka, ule ugeukaji wa Byabato mwenyewe, na kwa muda mfupi Byabato alifurahi bila kujua anafurahia upande gani. Lakini Yustus aliupata kwa ukingo wa gongo, ukapita kati ya watu wawili.

"Kimbia!"

Wakakimbia. Moja. Hamsini na nane, sawasawa.

"Rudi! Rudi!"

Egbert aligeuka kama swala. Yustus, aliyekuwa amefika upande wa Byabato, akageuka kama lori kwenye tope, akaanza kurudi kwa wapigaji. Placidius akauokota mpira kule mbali, akatazama pande zote mbili. Aliyeshiba zaidi alikuwa Yustus, lakini mdakaji wa kule kwake alikuwa ameacha vijiti kuukimbilia mpira; huku kwa Byabato, alikokuwa anakuja Egbert, Pastory alikuwa amesimama tayari. Akaurusha huku. Pastory akaudaka, safari hii akaudaka kwa mikono miwili kifuani, akavipiga vijiti. Egbert akajitupa chini, gongo mbele, vumbi la samadi likaruka.

"Ametoka!" wakalia machimbo.

"Amefika!" wakalia Ndama.

Halafu wote wakamgeukia Byabato.

Byabato hakuwatazama. Aliinamisha kichwa akatazama chini, pale kwenye sakafu ya Bibi Kokushubira. Kulikuwa na mkwaruzo mpya, mrefu, umekata mstari wa jivu na kupita mbele yake kiasi cha kidole. Na alikuwa ameona. Aliona gongo linapita, kisha kijiti kinaanguka. Vilifuatana karibu sana, lakini vilifuatana.

"Amefika," akasema.

Placidius akaja mbio kutoka mbali, anatweta. Akamtazama Byabato usoni. Kila mtu aliona anataka kusema kitu kirefu.

"Una hakika, mzee?"

"Nimeona."

Placidius akatazama mkwaruzo, akatazama mbingu, akapumua. "Siku tisa," akasema. "Safari hii nakununia siku tisa kamili." Akamwinua Egbert kutoka chini na kumpangusa samadi begani.

"Nani amenikwaruzia?" Bibi Kokushubira alikuwa ameshafika, ameinama juu ya mstari. "Nilisema! Nilisema tangu asubuhi!"

"Ni mkweo, mae," akasema Byabato.

*

Ilibidi waharakishe kwa sababu ya taa za lori. Waliagana wakiwa wamesimama, na Egbert akasema kwamba baada ya mavuno ya kahawa Ndama watakuja Kyerwa, watu kumi na mmoja, na watakula. "Mwamuzi mnaye," akasema. "Msitafute mwingine."

Byabato alikuwa ameshapanda mbele kwa dereva, anavuta goti lake ndani kwa mikono, Bibi Kokushubira alipomfikia na kifurushi kidogo cha ganda la mgomba, kimefungwa kwa ukambaa.

"Nimekuwekea saba," akasema. "Sita za kazi yako. Moja ya kutafuna, ili usiziguse zile nyingine."

"Ahsante, mae."

"Na ukitafuna, karibisha wenzako. Wewe si mtoto."

Njiani walisukuma lori mara moja tu. Placidius, aliyekuwa amesema amenuna, alisahau kabla ya kufika nusu ya njia na akaanza kuimba, na wengine wakaitikia. Pastory alimwomba dereva asimame, akahamia mbele, akabanana na Byabato, akamwuliza kwa nini mpira wake haukugeuka vya kutosha. Byabato alimwonyesha kwa kidole gumba, namna ya kuushika, tena na tena, mpaka machimbo yakaonekana na mwanga ukiwa bado upo.

Deodatha alikuwa uani anapukuta kunde. Alimsikia kabla hajamwona, ule mwendo wa hatua moja na mvuto mmoja.

"Mmeshinda?"

"Tumeshindwa."

Akamtazama vizuri. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. "Walikula?"

"Tulikula wote."

"Na wewe?"

"Watakuja baada ya kahawa," akasema Byabato, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu. "Wamesema nisimame tena."

Deodatha akaacha kunde. Alipokea kifurushi, akakifungua ukambaa, akasikiliza habari ya Bibi Kokushubira na zile saba, na ile moja iliyotafunwa, maana ilibidi asimulie yote, na kwa Byabato huo ulikuwa usemaji wa mwezi mzima. Deodatha alikuwa anacheka na kuhesabu kwa pamoja, anazipanga buni mojamoja juu ya ungo.

"Baba Anatolia. Umesema saba?"

"Saba."

"Hapa ziko sita."

Byabato alitazama upande wa migomba, taya lake likitembea taratibu.

"Nilimkaribisha Pastory," akasema. "Akasema hataki."